Beberu na Daftari: Nasaba ya Mbuzi wa Maziwa

Katika mihadhara yetu, neno 'beberu' huibua fikra za ukoloni. Kwa wafugaji wa Nyeri na Meru, beberu angali dume la mbuzi la kupandishia, na ndiye nguzo ya ufugaji wa mbuzi wa maziwa.

Katika miaka ya 1990, mbuzi wa Alpine kutoka Ujerumani walienezwa Nyeri, na Toggenburg kutoka Uingereza wakaenezwa Meru. Kwa kuwa mbuzi wa nasaba safi ni ghali, familia nyingi huanza na majike wa kienyeji. Jike akipandwa na beberu wa nasaba safi, mtoto hupata nusu ya damu hiyo. Binti huyo naye akipandwa na beberu mwingine wa aina iyo hiyo, kizazi cha pili hufikia asilimia 75, cha tatu 87.5, na cha nne karibu 94.

Hata hivyo, pana mtego. Beberu mmoja akikaa bomani miaka mingi, atawapanda binti zake mwenyewe. Watoto watadhoofika na maziwa yatapungua. Ndiposa vikundi vya wafugaji hubadilishana mabeberu na kuandika kila upandishaji, uzazi na kiasi cha maziwa. Mzee aliyehifadhi nasaba kichwani tu akifariki, mbuzi wake huenda wakauzwa kwa bei ya nyama.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi likizoni, tuliojaliwa kalamu tuwaandikie wazee wetu daftari hilo.