Tiki za watoto: Chakula, dawa za asili na funzo kutoka Pemba

MTOTO wa miaka sita au saba huanza kupepesa macho kwa kasi pasipo vumbi wala moshi. Baada ya wiki chache macho hutulia, lakini bega huanza kuruka, au mtoto hukohoakohoa bila ya kuwa na kikohozi. Nyumbani hukanywa aache, na chuoni mwalimu humdhania anafanya mzaha katikati ya kisomo. Mtoto hujizuia kwa muda, kisha hali humrudia kwa nguvu zaidi.

Katika Kisiwa cha Pemba, kama ilivyo katika sehemu nyingine za mwambao wa Afrika Mashariki, hali ya namna hii huelezwa kwa njia nyingi. Wapo wanaoiona kuwa ni tabia mbaya, wapo wanaoihusisha na jini au kijicho, na wapo wanaoamini kuwa mwili wa mtoto umepungukiwa na kitu ambacho kinaweza kurudishwa kwa asali, habasoda, majani ya dawa au vidonge vya lishe vinavyouzwa madukani.

Madaktari huiita tiki. Ni mwondoko au sauti ya ghafla, fupi, inayojirudia bila ya mpangilio maalumu, na ambayo mtoto haifanyi kwa kukusudia. Swali la mzazi huwa moja: je, iko njia ya asili ya kuituliza bila ya kumpa mtoto dawa kali?

Jibu ni kwamba njia hiyo ipo, lakini si ile ambayo wengi huitafuta. Na kuhusu virutubisho vya kuongezea katika chakula, Pemba yenyewe ina ushahidi ambao ulibadilisha miongozo ya dunia nzima.

Tiki ni nini hasa?

Tiki huanza mara nyingi mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka minne na sita, huwa kali zaidi anapofikia miaka 10 hadi 12, na kwa watoto wengi hupungua katika ujana. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Kwa watoto wengi tiki hutoweka kabla ya kutimia mwaka mmoja.

Pale ambapo mtoto ana tiki kadhaa za viungo na angalau moja ya sauti, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya mwaka, huitwa ugonjwa wa Tourette. Jina hilo linatokana na daktari wa Ufaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885.

Chanzo chake kimo katika mizunguko ya ubongo inayoongoza miondoko ya mwili, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa katika ukoo. Hatokani na malezi mabaya mtoto mwenye tiki, wala haigizi. Watoto wakubwa hueleza kuwa kabla ya tiki huhisi msukumo fulani mwilini, mfano wa mwasho unaotaka kukunwa au chafya inayokaribia. Mtoto anaweza kuuzuia msukumo huo kwa dakika kadhaa, kama vile mtu anavyoweza kuizuia chafya, lakini hawezi kuufuta kwa amri ya mzazi.

Kwa nini kila dawa huonekana kufaulu?

Tiki zina sifa moja ambayo kila mzazi anapaswa kuifahamu: hupanda na kushuka zenyewe. Wiki hii zinaweza kuwa nyingi, mwezi ujao zikapungua hata zikasahaulika, kisha zikarejea kwa sura nyingine.

Mzazi hatafuti dawa siku ambazo mtoto ametulia. Huitafuta hali inapofikia kilele, yaani wakati ule ambao ilikuwa ikaribie kushuka kwa hali yoyote. Akimpa mtoto kijiko cha asali, mafuta ya habasoda au kidonge kilicholetwa na jamaa kutoka Oman, na wiki mbili baadaye mabega yakatulia, sifa zote huenda kwa kile alichompa. Jirani naye huambiwa, na jirani humwambia jirani.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawaridhiki na ushuhuda wa mtu mmoja mmoja. Hugawa watoto katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na nguvu hiyo, kisha makundi hayo yakalinganishwa.

Kipimo hicho kilitumika kwa mafuta ya samaki. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2012, watoto na vijana 33 wenye ugonjwa wa Tourette walifuatiliwa kwa wiki 20. Waliopewa mafuta ya omega-3 hawakuonyesha upungufu wa tiki uliowazidi kwa uhakika wenzao waliopewa mafuta ya zeituni, ingawa kulikuwa na dalili kwamba usumbufu uliotokana na tiki ulipungua. Samaki na dagaa, ambao Pemba inajaaliwa nao, wanabaki kuwa chakula bora kwa mtoto yeyote, lakini hawajathibitika kuwa tiba ya tiki. Magnesiamu, vitamini B6 na habasoda navyo havina ushahidi wa kutosha.

Madini ya chuma na funzo la Pemba

Kirutubisho kinachozungumzwa zaidi ni madini ya chuma. Ubongo huyahitaji katika kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na miondoko, na baadhi ya tafiti ndogo zimewakuta watoto wenye tiki wakiwa na akiba ndogo ya madini hayo kuliko wenzao. Kwa mzazi anayesoma habari hizo, hatua inayofuata huonekana nyepesi: kununua dawa ya maji ya kuongeza damu na kumnywesha mtoto kila siku.

Hapa ndipo Pemba inapoingia katika historia ya tiba. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kisiwani humo kwa watoto 614 wenye umri wa miezi sita hadi 59. Waliopewa madini ya chuma kila siku kwa muda wa mwaka mmoja waliendelea vizuri zaidi katika lugha, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea vizuri pia katika kutembea na kutumia viungo. Matumaini yalikuwa makubwa.

Baada ya hapo ukafanyika utafiti mkubwa zaidi, chini ya uongozi wa Sunil Sazawal. Watoto 24,076 wa Pemba wenye umri wa mwezi mmoja hadi 35 waligawanywa: wengine walipewa madini ya chuma pamoja na foliki asidi, wengine wakaongezewa na zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mwezi Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kamati ya usalama kuona hatari.

Matokeo yaliyochapishwa Januari 2006 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufariki au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali. Wakati huo malaria ilikuwa imeenea sana kisiwani. Utafiti wa aina hiyo hiyo uliofanywa kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria ni kidogo, haukuonyesha madhara hayo.

Jambo lenye uzito zaidi lilionekana katika kundi dogo la watoto wa Pemba ambao damu yao ilipimwa na malaria yao ikatibiwa. Miongoni mwao, wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walifaidika nacho. Kirutubisho kile kile kilichomsaidia aliyepungukiwa kilikuwa hatari kilipogawiwa kwa kila mtoto bila ya kupimwa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dhidi ya kugawa chuma kwa watoto wote katika maeneo ya malaria bila ya kuwapima, na mwongozo wake wa mwaka 2016 unataka utoaji wa chuma katika maeneo hayo uambatane na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, pamoja na vyandarua, malaria imeshuka sana visiwani, lakini familia husafiri kwenda Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, na watoto husafiri nazo.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye tiki, maana yake ni hii: chuma hakinunuliwi kwa kubahatisha. Mtoto apimwe damu kwanza, na apimwe minyoo, kwa kuwa safura hunyonya damu na kurudisha upungufu hata baada ya dawa. Akikutwa na upungufu atibiwe kwa sababu ya upungufu huo, si kwa ahadi kwamba tiki zitakwisha.

Chakula kinachofaa

Hakuna chakula maalumu cha kuponya tiki, na kumnyima mtoto ngano, maziwa au mayai kwa kushuku tu kunaweza kumdhoofisha. Lililo salama ni mlo wa kawaida uliokamilika: samaki au dagaa, kunde, choroko au maharage, mchicha au kisamvu, na tunda lenye vitamini C kama chungwa au embe, ambalo husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mboga.

Chai inahitaji kuangaliwa. Mtoto anayekunywa chai ya rangi pamoja na chakula hupoteza sehemu ya chuma kilichomo katika chakula hicho. Isitoshe, chai, kahawa na soda za kola zina kafeini, ambayo huvuruga usingizi, na baadhi ya wagonjwa wameeleza kuwa huzidisha tiki zao. Kuipunguza hakuna hasara.

Usingizi wenyewe ni tiba isiyouzwa. Uchovu, hofu na msisimko huchochea tiki, hivyo siku za mitihani, sherehe na makesha ya mwezi wa Ramadhani zinaweza kuwa ngumu kwa mtoto huyu.

Njia ya asili yenye ushahidi

Njia isiyo ya dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni mafunzo ya tabia. Mtoto hufundishwa kwanza kuutambua msukumo unapokuja, kisha kufanya mwondoko mwingine usioweza kwenda pamoja na tiki. Anayerusha shingo hukaza misuli ya shingo taratibu huku kidevu kikielekea chini, na anayetoa sauti huvuta pumzi polepole kwa pua, hadi msukumo upite.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 na kuwahusisha watoto 126 wenye umri wa miaka tisa hadi 17, zaidi ya nusu ya waliopata mafunzo hayo kwa wiki 10 walipata nafuu kubwa, wakati katika kundi la ulinganisho walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha nchi hiyo kilipendekeza mafunzo hayo yatangulizwe kabla ya dawa.

Visiwani wataalamu wa fani hii ni haba. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliohusisha watoto 224 ulionyesha kuwa mafunzo ya jamii hiyo yanaweza kutolewa kwa njia ya intaneti, mzazi akiwa msaidizi, na yakaleta nafuu. Aidha, sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni mwenendo wa nyumbani: kutoitaja tiki kila inapotokea, kutomchapa mtoto, na kumweleza mwalimu wa skuli na wa chuoni ili mtoto asiadhibiwe kwa asilolikusudia.

Dua na kisomo ni faraja kwa familia nyingi za Pemba, na mtoto aliyetulizwa huogopa kidogo. Tatizo huanza pale anapochanjwa kwa wembe, kufukizwa moshi mzito, kunyweshwa dawa isiyojulikana kipimo chake, au kucheleweshwa hospitali.

Wakati wa kwenda hospitali

Si kila mwondoko ni tiki. Mtoto anayepoteza fahamu, kukodoa macho bila ya kujibu au kuanguka anaweza kuwa na kifafa. Anayeanza ghafla kucheza viungo ovyo, kuangusha vitu na kuharibika mwandiko, hasa miezi michache baada ya kuumwa koo, anaweza kuwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoharibu moyo, na anahitaji kuchunguzwa bila ya kuchelewa. Miondoko iliyoanza baada ya kumeza dawa fulani, kama za kuzuia kutapika, nayo ielezwe kwa daktari.

Pemba ina hospitali Chake Chake, Wete na Mkoani ambako uchunguzi wa mwanzo unaweza kufanyika. Pale ambapo tiki zinamuumiza mtoto au kumzuia kusoma, dawa za hospitali zipo, ingawa baadhi huleta usingizi au unene na zinahitaji uangalizi wa daktari.

Wengi hawatafika huko. Kwa mtoto mwenye tiki za kawaida, mzazi anachoweza kumpa leo ni usingizi wa kutosha, mlo kamili, subira ya watu wazima wanaomzunguka, na kipimo cha damu kabla ya chupa yoyote kununuliwa.