Ratili Moja ya Nyama na Gunia la Mpunga

Wasomaji wetu wa Rujewa wametuuliza swali. Wamesikia habari za vikundi vya waigizaji vinavyozunguka mashuleni na vijijini, vikicheza michezo ya kale iliyoandikwa na watu wa ng'ambo. Wanauliza: "Mchezo wa Mzungu aliyekufa zamani unamhusu nini mkulima wa mpunga wa Usangu?" Swali ni zuri. Hatutalijibu kwa mkato, maana kuna deni ndani yake, na mambo ya deni hayataki haraka.

Kwanza tuelewane maneno. Mchezo wa kuigiza, ambao vitabuni huitwa tamthilia, ni hadithi iliyoandikwa ili ichezwe mbele ya watu. Msimulizi hasemi, "Fulani alikasirika." Fulani mwenyewe anasimama mbele yenu, amekasirika, mnamwona kwa macho. Kikundi kinachosafiri ni watu wachache, pengine sita, pengine kumi na wawili. Wanapakia nguo zao za mchezo katika sanduku, wanapanda gari, wanafika shuleni au uwanja wa kijiji, wanacheza, wanalala, kesho yake wanakwenda kwingine. Mjini watu huutafuta mchezo. Huku mchezo ndio unaowatafuta watu.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, Uganda, pamoja na mwalimu wao David Cook, walianza kusafiri na michezo yao badala ya kungoja watu waje chuoni. Walicheza kwa Kiingereza na kwa baadhi ya lugha za wenyeji. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kikundi chake cha kusafiri, na watazamaji hawakudaiwa hata senti.

Hapa kwetu Tanzania maandishi yalitangulia. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa kwa Kiswahili mchezo wa William Shakespeare wa Uingereza, ule wa Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais, mwenye kazi tele, na bado alikaa kutafuta maneno ya Kiswahili ya kumtosha Mwingereza yule. Mwaka 1969 akatoa mwingine, Mabepari wa Venisi. Wakati huohuo Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth na Tufani, michezo ya Shakespeare yuleyule, na mwaka 1971 ukatoka Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles wa Ugiriki wenye umri wa zaidi ya miaka 2,400. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kucheza michezo ya kale kwa Kiswahili hakianzi mikono mitupu. Vitabu vipo.

Tuuchukue mmoja, Mabepari wa Venisi, tuone kama hauna la kumwambia mtu wa Rujewa.

Shakespeare aliuandika zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kwa Kiingereza jina la mchezo linataja mfanyabiashara mmoja wa mji wa Venice. Mwalimu hakuandika "mfanyabiashara". Aliandika "mabepari", tena wengi. Kumbuka kwamba kitabu kilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967. Sisi tunaona kwamba jina hilo peke yake ni maelezo ya kutosha: kwa macho yake, mkopeshaji na mkopaji katika hadithi hii wote ni wale wale.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana mmoja, Bassanio, anataka kwenda kumposa Portia, binti tajiri. Hana kitu. Anamwendea rafiki yake Antonio, mwenye merikebu za biashara. Antonio naye hana fedha mkononi, mali yake yote iko baharini. Basi wanakwenda kwa Shylock, mkopeshaji. Sasa Shylock ni Myahudi, na katika mji ule Wakristo waliwadharau Wayahudi. Antonio huyuhuyu amekuwa akimtukana hadharani na kumtemea mate. Leo anakuja kukopa!

Shylock anakubali kutoa dukati 3,000, fedha za mji ule, kwa miezi mitatu. Riba hataki. Anasema, eti kwa mzaha tu, waandike hivi: siku ikipita bila kulipa, Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Ratili ni kipimo cha zamani, karibu nusu kilo. Antonio anacheka, anatia sahihi. Merikebu zake si zitarudi mapema?

Wapi! Habari zinakuja kwamba zimepotea baharini. Siku inapita. Shylock anakwenda mahakamani na karatasi yake, kisu na mizani.

Watu wanambembeleza. Bassanio, ambaye sasa amemwoa Portia na ana fedha, anataka kulipa mara mbili ya deni. Shylock anakataa. Karatasi imesema nyama, anataka nyama. Anaanza kunoa kisu hapohapo mbele ya mtawala wa mji. Ndipo anaingia mwanasheria kijana ambaye hakuna anayemjua. Kumbe ni Portia, amevaa nguo za kiume. Anamwomba Shylock awe na huruma. Shylock hasikii. Basi Portia anaiomba ile karatasi, anaisoma. Anasema sheria ni sheria, nyama ni yake, achukue. Shylock anafurahi, anasogea na kisu.

"Ngoja," anasema Portia. Karatasi inataja nyama, lakini haikutaja damu. Akimwaga hata tone moja la damu, amevunja sheria. Tena imetaja ratili moja. Akikata zaidi kidogo au pungufu kidogo, hata kwa uzito wa unywele, amekwisha.

Shylock anashusha kisu.

Hapo tunamkumbuka mwenzetu mmoja, mkulima wa mpunga. Mwaka mmoja wa mvua haba alikosa fedha ya vibarua wa kupandikiza miche. Akaenda kwa mkopeshaji, wakaandikiana: atalipa magunia matano ya mpunga wakati wa mavuno. Siku zile alikuwa bado hajaingia darasa la kisomo, akaweka dole gumba. Mavuno yalipofika, mkopeshaji alikuja na magunia yake mwenyewe na vijana wa kushindilia. Kila gunia lilijazwa mpaka mdomo, kisha likashonewa kilemba juu. Ni lumbesa, wote mnaijua. Mkewe alikuwa akihesabu madebe pembeni. Kila gunia lilimeza debe nane. Magunia matano kwa debe nane ni debe 40. Kwa gunia la debe sita, lile walilozoea nyumbani kwake, hayo ni karibu magunia saba. Alidaiwa matano, akalipa karibu saba, na jioni ile hakuwa na neno la kusema, kwa sababu hakujua karatasi ilikuwa imesema nini.

Sasa mnaona kwa nini tulisema kuna deni ndani ya swali lile. Neno la Portia mahakamani, kwamba ratili moja ni ratili moja, si zaidi wala pungufu, ndilo neno ambalo mwenzetu alilikosa pale kwenye ghala.

Kikundi kikija Rujewa na mchezo huu, kinafanyaje kazi? Watu wengi hudhani panahitajika jukwaa, pazia na taa za umeme. Hapana. Panahitajika uwanja wa shule ulio tambarare, na kivuli kama kipo. Mchezo ukianza saa tisa alasiri utakwisha kabla ya jua kuzama, na mama aliyekuja na mtoto atarudi nyumbani kungali na mwanga. Watazamaji wakae duara, kama kwenye ngoma, ili waliokaa nyuma nao wasikie. Mchezo mzima huchukua zaidi ya saa mbili. Vikundi vinavyosafiri huupunguza, na mwigizaji mmoja huchukua nafasi mbili au tatu kwa kubadili kofia au shuka. Wala Shakespeare asingeona ajabu. Wakati wake wanawake hawakuruhusiwa kuigiza kabisa. Portia alichezwa na mvulana, na mvulana huyo akajifanya mwanamke anayejifanya mwanamume!

Vifaa ni vichache. Kisu kipo kila nyumba. Mizani inaweza kuazimwa kwa mnunuzi wa mpunga, nasi tungependa iwe hiyohiyo. Mtu akiiona mizani anayoijua imewekwa mbele ya Shylock, haitaji maelezo mengi.

Wakati nao una maana. Masika magari hukwama katika matope ya bondeni, na watu wako mashambani. Afadhali kikundi kije baada ya mavuno, Julai au Agosti, barabara zikiwa kavu na watu wana nafasi. Tena ndio wakati wa kulipa madeni.

Lugha ndiyo kazi kubwa. Kiswahili cha Mwalimu katika kitabu kile ni kizuri lakini kina kina, na maneno yamepangwa kwa mizani ya ushairi. Mtu asikiapo mara ya kwanza yatampita mengine. Ushauri wetu ni kwamba sehemu za mapenzi na masihara waigizaji wazilainishe, hata wachanganye Kisangu watu wacheke. Lakini mahakamani wasibadili maneno ya mkataba. Watazamaji wayasikie vilevile yalivyoandikwa, maana kesi nzima imesimama juu ya maneno hayo.

Mashuleni faida inaonekana upesi. Mwanafunzi anayesoma fasihi hukariri tamthilia kama hesabu za jedwali, hajaona hata siku moja mtu akiicheza. Akimwona Shylock akinoa kisu, hatasahau. Lakini sisi tunawatazama zaidi wazazi wake waliokaa nyuma ya madawati.

Mchezo ukiisha, waigizaji wazuri hawakimbilii gari. Hukaa na watu wakauliza maswali. Na hapa pana kazi, kwa sababu hadithi hii haina mtu safi. Sisi tuliwasimulia majirani wachache, wakagawanyika palepale. Baba mmoja alisema Shylock amepata alichostahili. Mama aliyekaa karibu naye akamkatalia: "Walimtemea mate miaka yote, mlitaka awapende?" Kweli, baada ya kushindwa Shylock hapotezi nyama tu. Ananyang'anywa mali, na analazimishwa kuacha dini yake. Sisi hatuoni haki hapo, na kikundi kinachocheza sehemu hii kama kichekesho kinawadanganya watazamaji. Ubaya wa Shylock ni kisu chake. Dini yake haikuwa na kosa.

Kuna wanaosema afadhali wanakijiji watunge mchezo wao wenyewe kuliko kuletewa wa Venice. Wana hoja. Katika miaka ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walifanya kazi hiyo na vijana wa kijiji cha Malya, Mwanza. Hawakwenda na kitabu. Waliuliza matatizo ya pale ni yapi. Vijana wakatumia wigashe, ngoma yao ya Kisukuma, kusema mbele ya wazee habari za vijana kukosa kazi na wasichana kupata mimba. Mambo ambayo mkutanoni hayasemeki, katika ngoma yalisemeka. Kwa maoni yetu njia hizi mbili hazigombani. Kikundi kinaweza kuja na Shylock leo, na wiki ijayo watu wa Rujewa wakacheza wao wenyewe mchezo wa lumbesa, hakuna wa kuwafundisha.

Kwa wasomaji wasiotaka kungoja gari: aliye na kitabu akilete kwenye kikundi cha kisomo. Sehemu ya mahakama ni ya nne. Mgawane watu, msome kwa sauti, polepole, asiyesoma vizuri apewe maneno mafupi.

Ndivyo tulivyofanya sisi, na yule mwenzetu alikuwapo. Sasa anasoma. Tulipofika pale Portia anapoomba karatasi, alinyamaza, kisha akaenda nyumbani, akarudi na karatasi yake ya deni lile la zamani, imekunjwa mara nne. Akaisoma mwenyewe. Ilisema "magunia matano ya mpunga". Kilemba hakikutajwa, wala lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wanaikataza. Lakini kilo nazo hazikutajwa.

Msimu uliofuata alihitaji tena fedha ya vibarua. Akamwambia mkopeshaji waandike kilo, na mpunga upimwe kwenye mizani mbele ya mashahidi wawili. Mkopeshaji alikunja karatasi yake, akaenda kwa jirani. Mwaka ule mwenzetu alipanda nusu ya majaruba yake.