"Madoadoa" si Utani Kazini
Mashamba, viwanda na afisi za Njoro zimeajiri watu wa makabila mengi. Hapa Bonde la Ufa, neno "madoadoa" limewahi kutumiwa kuwafukuza majirani. Mwaka wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ililiorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki.

Mwenzako akikuita hivyo, mwambie akome. Akiendelea, andika tarehe, maneno aliyotamka na walioshuhudia, kisha umripoti kwa msimamizi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua au kumdhulumu mfanyakazi kwa sababu ya kabila au rangi. Usiposaidiwa, fika afisi ya leba au NCIC. Anayepatikana na hatia ya matamshi ya chuki hutozwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, hufungwa hadi miaka 3, au yote mawili.