Ramani ya tovuti: mkazi wa Kamakis atafute wapi?

Anayetaka kufungua mkahawa wa nyama choma Kamakis, kando ya Eastern Bypass, huhitaji leseni ya biashara, vyeti vya afya vya wapishi na kibali cha bango. Hayo hushughulikiwa na idara tofauti za kaunti, naye hana haja ya kujua ni zipi. Ndiyo maana tovuti ya umma inayokua huwekewa ramani, yaani ukurasa unaoorodhesha kurasa zote kwa mpangilio.

Tovuti ya kurasa ishirini haihitaji ramani. Lakini Kaunti ya Kiambu ina kaunti ndogo 12 na wadi 60. Kila wadi ikiwa na ukurasa wa basari, wa miradi na wa vikao vya umma tu, hizo ni kurasa 180 kabla ya kuhesabu zabuni. Orodha moja ndefu hivyo haisomeki kwa simu. Ni heri igawanywe kwanza kwa shughuli, kama vile kufungua biashara, kujenga au kuomba basari, kisha kwa mahali.

Mahali napo pana mtego. Ruiru ina wadi nane, na hakuna hata moja iitwayo Kamakis. Kule Thika, Makongeni nayo si jina la wadi. Ramani iliyopangwa kwa majina ya wadi pekee humwacha nje mkazi ambaye hajui wadi yake, na tangazo la kikao cha bajeti linaweza kumpita. Majina ambayo watu huyatumia yanafaa kuandikwa kando ya yale rasmi.

Kuna pia ramani ya pili, faili inayosomwa na mitambo ya kutafuta kama Google. Faili moja haipaswi kuzidi anwani 50,000. Kaunti ni vigumu kufika huko, ila kuigawa mapema huonyesha upesi ni sehemu ipi ambayo mitambo haiioni.

Kurasa za zamani ndizo husumbua zaidi. Ada hubadilika Sheria ya Fedha ya kaunti inapobadilishwa, na anayesoma viwango vilivyopitwa na wakati huenda akafika kaunta na pesa pungufu. Kurasa hizo zisifutwe, bali zihamishiwe sehemu ya kumbukumbu, mwaka ukiwa kwenye kichwa. Anwani ya zamani imfikishe msomaji kwenye ukurasa mpya, maana viungo vilivyotumwa kwa WhatsApp huendelea kuzunguka kwa miaka.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mkazi aangalie mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa. Asipopata anachotafuta, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 21.