Anayekataa Chakula Si Mwenye Maringo



Tukitembelea vikundi, mara nyingi tunazungumza juu ya njaa ya kukosa mvua. Leo tuzungumze juu ya mtu anayekonda huku sufuria imejaa. Wengine husema ni maringo, wengine ati amerogwa. Huu ni ugonjwa wa akili unaoumiza mwili pia, na unaweza kuua.

UNA SURA TATU

Wa kwanza hujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, hata akibaki mifupa. Wa pili hula kingi kwa siri, kisha hujitapisha au humeza dawa za kuharisha. Wa tatu hula kingi hivyo hivyo bila kutapika, halafu hujichukia. Wengi ni wasichana wa umri wa sekondari, lakini wavulana na watu wazima pia hupatwa.

DALILI

- Kukwepa kula na wenzake. Kila siku "nimeshiba".
- Kwenda chooni mara tu baada ya kula.
- Kizunguzungu, kuhisi baridi, hedhi kukoma.
- Meno kuharibika na mashavu kuvimba kwa kutapika.

Lakini tusikate shauri haraka. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu, kisukari au virusi vya UKIMWI. Kwa hivyo mwanzo ni kituo cha afya.

MATIBABU YAKE

Hakuna sindano ya kuponya mara moja. Kuna kazi mbili, na zote zaenda pamoja.

Ya kwanza ni ya mwili: kupima uzito, presha, moyo na damu. Kutapika sana hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla. Tena, aliyekaa muda mrefu bila kula asijazwe chakula kingi kwa siku moja, maana hilo pia ni hatari. Aanze polepole akiangaliwa na daktari. Akizirai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ya pili ni ya mazungumzo. Mshauri nasaha huketi naye mara kwa mara, pengine kwa miezi mingi, wakitafuta hofu au uchungu uliojificha nyuma ya sahani. Akiwa kijana, wazazi hufunzwa kusimamia milo yake mpaka apate nguvu. Wasilaumiwe, wao ni sehemu ya dawa.

Ombeni barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Nairobi iko hospitali ya Mathari. Kwa mtoto, simu 116 ni ya bure, usiku na mchana.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Tuache salamu za "umenona!" na "mbona umekonda hivyo?" Kwetu ni mzaha, kwake ni kisu.
2. Mmoja anayeaminiwa aseme naye faraghani: "Tunaona chakula kinakusumbua. Twende pamoja kliniki?" Akikataa, asigombezwe, ajaribu tena.
3. Mfuko wa kikundi usaidie nauli. Safari ni nyingi, na wengi huacha matibabu kwa kukosa nauli tu.
4. Wakati wa Kwaresima, tukumbuke mgonjwa halazimiki kufunga. Mfungo usiwe maficho ya ugonjwa.

MASWALI YA KUJADILI

- Hapa kwetu tunasema nini juu ya miili ya wasichana wetu?
- Nani katika kikundi anaweza kusindikiza mgonjwa, na siri ikakaa?
- Nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya kaunti ni pesa ngapi, nasi tuko na ngapi?