Mgongo wa mama wa Itombwe

Ukisimama Kalundu, bandarini, ukalipa ziwa kisogo, utaiona milima ya Mitumba imeinamia mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Huko juu, nyuma ya mawingu, ndiko Itombwe, nyanda za ng'ombe na baridi. Huko ndiko alikozaliwa Neema Namadamu, na alipokuwa na miaka miwili polio ikamwondolea nguvu za miguu.

Binti asiyetembea, tena mahali ambapo hata wenye miguu mizima wengi hawakufika darasani: nani angetoa minervali, yaani ada ya shule, kwa ajili yake? Mama yake alimbeba mgongoni akampeleka shule, siku baada ya siku. Wanaomsifu Neema huanzia ofisini na majukwaani. Mimi naanzia kwenye ule mgongo, kwa kuwa mtoto anayebebwa haachi kukua, na njia za milimani hazipungui mwinuko.

Neema alimaliza chuo kikuu, mwanamke wa kwanza mwenye ulemavu katika kabila lake kufika hapo. Mwaka 2012, mwaka uleule Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, alianzisha kundi la akina mama, Maman Shujaa, mjini Bukavu. Akina mama walikaa mbele ya kompyuta, wengi kwa mara ya kwanza, wakaandika yaliyowapata vitani. Kusema wakati ule kulihitaji moyo. Walisema, na ombi lao kwamba Marekani iteue mjumbe maalumu wa Maziwa Makuu likapata saini zaidi ya 100,000. Mjumbe aliteuliwa mwaka 2013.

Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile ya kurudi Itombwe kwa wasichana. Huko wanashonewa taulo za hedhi za kitambaa, za kufua na kutumia tena, ili damu ya mwezi isimfungie binti nyumbani wenzake wakiwa wanasoma. Nani mwingine aliwahi kulisema hilo waziwazi mbele ya wazee?

Kizuizi kingine ni ada. Ibara ya 43 ya katiba ya Kongo ya 2006 iliahidi shule ya msingi bila malipo, na serikali ilianza kuitekeleza Septemba 2019. Sekondari bado inalipiwa. Hapo ndipo mzazi mwenye pesa ya mtoto mmoja anapomchagua mvulana.

Baba wa Kavimvira, baba wa Mulongwe: muhula huu, anza na minervali ya binti.