Kiti cha abiria wa bodaboda: kwa nini sponji laini humchosha msafiri

Kutoka Kisugu hadi katikati ya jiji la Kampala ni mwendo mfupi, na abiria wa bodaboda anaweza kuuvumilia hata akikalia ubao. Taabu huanza pale mfanyabiashara anapoamua kuendelea na pikipiki ileile hadi Mukono au Entebbe kwa sababu ya foleni. Au pale anapovuka mpaka wa Mpondwe na kukuta kwamba kwa safari ya Kasindi hadi Beni, kama kilomita 80, chombo kilicho tayari kuondoka ni pikipiki. Baada ya saa moja makalio yanauma. Baada ya saa moja na nusu mguu mmoja umekufa ganzi, na akishuka inambidi kwanza asimame kando ya barabara ajinyooshe, ndipo ashike mzigo wake.

Wengi hulaumu barabara. Barabara ina lawama zake, lakini sehemu kubwa ya maumivu hayo hutoka kwenye kiti, nacho ni bidhaa inayonunuliwa, kutengenezwa na kuvushwa mpaka kama bidhaa nyingine. Dereva mwenye kiti kibaya hupoteza abiria wa safari ndefu, ambao ndio wenye nauli nzuri. Muuza spea naye akileta shehena ya viti vinavyong'aa juu na vitupu ndani, vitamrudia dukani kimoja baada ya kingine.

Biashara ilianza na mto

Inafaa kukumbuka kwamba bodaboda yenyewe ilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwavusha watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, na jina likatokana na kelele za kuitia abiria: "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Baiskeli hizo ziliongezewa kitu kimoja tu ili zifae kubeba mtu, nacho ni mto wa kukalia uliofungwa juu ya keria. Pikipiki zilipoingia kwenye kazi hiyo katika miaka ya 1990 zilikuja na kiti cha kiwandani, na tangu hapo mambo ya kiti yakaachiwa kiwanda.

Lakini kiwanda hakikumfikiria abiria wa Kisugu. Pikipiki kama Boxer ya Bajaj na Star ya TVS, ambazo zimejaa kwenye steji za Kampala, zina kiti kimoja kirefu ambacho dereva na abiria hugawana. Dereva hukaa pale palipo pana na ana usukani wa kushika. Abiria hubakiwa na sehemu ya nyuma, juu kabisa ya gurudumu, mahali ambapo kila shimo hupiga kwa nguvu kuliko anapokaa dereva.

Laini si starehe

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kubonyeza kiti kwa kidole gumba. Kidole kikizama anafurahi. Ukweli ni kwamba sponji inayozama kwa kidole haiwezi kumbeba mtu wa kilo 70 kwa saa mbili.

Mtu anapokaa, uzito wake mwingi huangukia mifupa miwili ya chini ya nyonga. Umbali kati ya mifupa hiyo kwa watu wazima ni kama sentimita 10 hadi 15, na kwa wanawake kwa kawaida ni mkubwa zaidi. Sponji laini huipokea mifupa hiyo vizuri kwa dakika kumi za kwanza. Kisha hewa hutoka, sponji hulala, na mifupa hufika kwenye bamba la plastiki lililo chini. Kuanzia hapo abiria hakalii sponji tena, amekalia plastiki, na mtikisiko wote wa gurudumu la nyuma unapanda moja kwa moja mgongoni. Wakati huohuo sponji iliyobaki pembeni humbana nyama za mapaja na mishipa iliyopo nyuma ya paja, na hapo ndipo ganzi inapoanzia.

Kwa hiyo kiti kizuri cha safari ndefu huonekana kigumu kidogo ukikikalia dukani. Njia bora ya kukijaribu ni kupiga goti moja juu ya sehemu ya abiria, kuegemeza uzito wako wote hapo, kisha kutingisha. Goti likigusa chini, kiti hicho hakifai hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Upana nao una kazi yake. Hapa Uganda, kama ilivyo Kongo, wanawake wengi wenye gomesi au sketi hukaa upande. Anayekaa hivyo hutumia ukingo wa kiti, na ukingo uliochongwa kwa mviringo humfanya ateleze na kujikaza njia nzima ili asianguke. Fundi akiacha ukingo huo ukiwa bapa, na sponji yake ikiwa ngumu kuliko ya katikati, abiria huyo hupata mahali pa kutua. Hata hivyo, kukaa upande kwa safari ndefu hatukushauri. Mgongo hupindika, mguu mmoja tu ndio hupata pa kukanyaga, na dereva hupata shida ya kusawazisha pikipiki. Kama safari ni ya saa mbili, suruali chini ya gauni ni nafuu kuliko kiti chochote.

Pima kwa mizani

Wauzaji wa sponji hutumia maneno kama "nzito" na "ngumu" kwa namna yoyote inayowafaa. Mfanyabiashara asiyetaka kubishana anahitaji mita na mizani tu. Sponji hupimwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo. Chukua kipande cha mita 1 kwa mita 1 chenye unene wa sentimita 10. Hicho ni sehemu moja ya kumi ya mita ya ujazo. Kikiwa na uzito wa kilo 1.8, sponji hiyo ni ya 18, ambayo inafaa kwa mgongo wa sofa. Kikiwa na kilo 3, ni ya 30, na hapo ndipo tungeanza kuzungumzia kiti cha pikipiki. Sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ile yenye rangi nyingi mchanganyiko, huanzia kama kilo 60 kwa mita ya ujazo na ni nzuri sana kwa tabaka la chini.

Tahadhari moja: uzito pekee unaweza kudanganya. Wako watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili iongezeke uzito. Sugua upande uliokatwa kwa vidole. Ukiona unga, au sponji ikikatika kama mkate mkavu, achana nayo. Kisha ibane kwa nguvu uiachie. Sponji njema hurudi mara moja, mbovu hurudi kwa uvivu na kuacha alama.

Jambo ambalo mafundi wengi hulikosea ni kutupa sponji ya kiwandani. Ile humiminwa kwenye kalibu na kwa kawaida ni nzito kuliko yoyote inayokatwa kutoka kwenye godoro. Kama haijalala wala haijaoza, iachwe iwe msingi, na iongezwe pale tu ilipopungua. Tumeona viti vinavyofunguliwa, sponji yake nzuri ikatupwa jalalani, na nafasi yake ikajazwa mabaki ya godoro la chumbani. Mteja amelipa ili arudishwe nyuma.

Kiti kinachojengwa upya kiwe na matabaka: sentimita 4 za sponji ngumu ya vipande chini, sentimita 3 za sponji ya kati juu yake, na sentimita 1 tu ya sponji laini mwisho. Tabaka la juu linaondoa ukali wa kwanza, kazi yote hufanywa na yaliyo chini. Gundi ipakwe pande zote mbili na iachwe ikauke kidogo kabla ya kugandisha, la sivyo matabaka yatahama baada ya mwezi mmoja na kiti kitakuwa na tuta katikati.

Mteremko wa kiti ni muhimu kwa mji wa vilima kama Kampala. Abiria anayepandishwa kutoka Kisugu kuelekea kilele cha Muyenga, kwenye matangi ya maji, huvutwa nyuma. Akirudi chini humlalia dereva, na dereva husukumwa hadi kwenye tangi la mafuta. Sehemu ya abiria inapaswa kuwa bapa, au iinuke kidogo sana kwa mbele, kiasi cha kumzuia asiteleze. Ikiinuliwa mno inakata damu ya mapaja, na tatizo la ganzi linarudi kwa mlango mwingine.

Ngozi ya bandia inayong'aa ni adui wa abiria. Huteleza, na ikikaa juani inachoma. Chagua yenye vinyweleo au mikwaruzo inayoshika nguo. Mshono usipite mahali pa kukalia, kwa sababu unaumiza na pia ndipo mvua inapoingilia. Sponji iliyonyonya maji huonekana kavu kwa juu, abiria wa asubuhi akikaa tu inamlowesha nguo. Karatasi ya nailoni kati ya sponji na ngozi ina gharama ndogo na inaokoa mengi.

Usikiuzie kiti kazi ya shokapu

Hakuna sponji itakayofanya kazi ya shokapu zilizokufa. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi za kazi zina ngazi za kukaza springi, na madereva wengi hawajawahi kuzigusa tangu pikipiki itoke dukani. Kabla ya safari ndefu na abiria, zikazwe, pande zote mbili sawa. Tairi la nyuma lijazwe upepo kwa kiwango cha mtu wawili kama kilivyoandikwa na mtengenezaji. Likilegea linapashwa moto na kupasuka, likijazwa kupita kiasi linadunda kama mpira.

Vikanyagio vya abiria navyo viangaliwe. Vikilegea au mpira wake ukiisha, abiria hukunja miguu hewani na uzito wote unashuka kwenye makalio. Miguu ikikanyaga vizuri, abiria anaweza kujiinua kidogo pikipiki inapofika kwenye shimo, na hilo peke yake linampunguzia mgongo mapigo mengi. Mzigo usibebwe mgongoni, ufungwe kwenye keria. Na kila baada ya saa moja washuke wote wawili, watembee.

Kuna ombi ambalo madereva huwapa mafundi mara kwa mara: kurefusha kiti hadi juu ya keria ili waenee abiria wawili. Sheria za Uganda, Kenya na Tanzania zinaruhusu abiria mmoja tu. Mbali na sheria, anayekaa nyuma ya ekseli ya gurudumu hurushwa juu zaidi kwa kila tuta, na gurudumu la mbele hupoteza uzito, hivyo usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya hatari. Fundi anayekubali kazi hiyo anaharibu starehe ya abiria wote wawili kwa pesa ya kiti kimoja.

Kwa wanaovusha mpakani

Kiti kizima, sponji na ngozi ya bandia ni bidhaa tatu tofauti mbele ya forodha, na kila moja ina namba yake ya ushuru. Kiti cha pikipiki kilikuwa na namba yake peke yake, 8714.11, hadi orodha ya kimataifa ilipobadilishwa mwaka 2012. Tangu hapo kimo ndani ya 8714.10 pamoja na spea nyingine za pikipiki. Anayenakili namba kutoka kwenye karatasi za zamani hujichelewesha mwenyewe. Viwango vya ushuru wa pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki hurekebishwa kila mwaka kabla ya Julai, kwa hiyo wakala aulizwe kiwango cha mwaka huo, siyo cha safari iliyopita.

Sponji iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza masharti ya uasilia huvuka bila ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia kinachosainiwa na afisa wa forodha palepale mpakani, mathalani Busia, ambako tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja kimezinduliwa na ukaguzi hufanyika upande mmoja. Cheti hicho hakifuti kodi nyingine za ndani. Wala hakigeuzi kiti kilichotoka India au China kuwa cha Uganda kwa sababu tu kimepita dukani Kampala. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na wanaopeleka Kasindi wanapaswa kuwa na karatasi zao kamili kama wale wa Busia.

Sponji ni hewa tupu kwa sehemu kubwa. Pikapu hujaa kabla haijafikia hata robo ya uzito inaoruhusiwa kubeba, kwa hiyo nauli inalipwa kwa nafasi. Wenye uzoefu huikata Kampala kwa kipimo cha kiti, wakaifunga kwa kubana na kuvusha vipande tayari kwa gundi. Lakini isibaki imebanwa kwa wiki nzima ghalani, kwani nyingine hazirudi. Ikifika, fungua siku hiyohiyo, na pima unene wake kabla ya kumlipa mwenye gari.